Chungu cha Mwalimu

Jumamosi asubuhi, ukisikia chuma kikigonga jiko ng'ambo ya ukuta, ulikuwa na muda mfupi tu wa kuamua: ama ujifanye umesafiri, ama uvae nguo za heshima. Mwalimu hakuwa mtu wa kualika. Aligonga chuma chake kama anayepiga kengele ya shule, na sisi majirani wa ploti ile ya Kitengela tukajua kwamba chai iko mezani na tunangojwa. Aliyechelewa alikula huku akielezwa maana ya kuchelewa.

Chuma chenyewe kilikuwa mabamba mawili mazito yaliyounganishwa kwa bawaba, yenye miraba ndani na mkono mrefu wa kushikia. Ukimimina humo rojo zito, ukakifunga na kukigeuza juu ya makaa, unatoa mkate mwembamba wenye vyumba vyumba, mkavu nje na laini ndani. Mwalimu aliuita waffle. Watoto wa ploti waliuita chapati ya madirisha, na siku alipowasikia aliwauliza ni dirisha gani wamewahi kuona likiliwa. Hakuna aliyejibu. Kwa Mwalimu hata mzaha ulikuwa mtihani, na aliyenyamaza alihesabiwa kuwa hajui.

Tuliishi ukuta mmoja na bomba moja la maji kwa miaka mingi. Yeye alikuwa amestaafu kufundisha sayansi kimu katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kajiado mjini. Mimi nina agrovet kando ya barabara ya Namanga, nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku. Wanawake aliowafundisha bado huingia dukani kwangu. Mmoja, mtu mzima mwenye ng'ombe wake na gari lake, aliposikia naishi karibu na Mwalimu aliniuliza polepole, "Bado yuko?" Nikamwambia yuko. Akaangalia kucha zake kwanza, ndipo akaagiza dawa ya kupe.

Sote tulimwogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini Mwalimu naye aliogopa kitu kimoja, na ukikaa naye utakijua upesi: kwamba Dan, mwanawe wa pekee, angeoa halafu asirudi tena kwake. Dan alikuwa amepanga nyumba Kware, kule Rongai, na alifanya kazi Nairobi. Simu yake ikiingia, Mwalimu aliongea naye kwa ukali ule ule aliotupa sisi, akamuuliza kama amekula na kama shati lina kola safi, kisha akakata. Baada ya hapo ungemkuta kwenye bomba anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi. Ukimuuliza kama kuna habari mbaya alikujibu, "Habari ni habari," na ukajua usiongeze neno.

Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko roho yake, na ilinichukua muda kulitambua hilo. Nilipolazwa hospitali kwa homa ya mapafu, ni yeye aliyechukua ufunguo wangu, akamlisha binti yangu Joy, akasugua nyumba kuanzia dari. Nilirudi nikalia kwa shukrani. Akaningoja nimalize kulia, halafu akanisema kuhusu sufuria zangu mpaka nilipopona kabisa, na hata baada ya hapo. Ukimletea zawadi alitafuta kasoro. Ukimletea kasoro, kwa mfano keki iliyoungua, aliikata, akaondoa palipoungua, akala iliyobaki bila neno.

Kula kwake kulikuwa na sheria. "Sijakuuliza kama unapenda," alisema. "Nimekuuliza iko aje." Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba chakula hakitupwi. Maganda ya viazi yalikuja kwa kuku wangu. Ugali uliolala ulikaangwa. Wali uliobaki uligeuka vibibi vya asubuhi. Nilimwona akimsimamisha mpangaji mpya pale kwenye pipa la takataka, akachungulia ndani ya mfuko wake, akamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba mkate mkavu umekufa. Yule kijana alihama baada ya muda mfupi, ingawa mwenyewe alidai ni kwa sababu ya maji.

Hata hizo waffle zilitokana na sheria hiyo. Jikoni kwake, kwenye rafu ya juu, kulikuwa na chungu kidogo cha udongo chenye kifuniko cha mbao. Ndani yake alitunza chachu: unga na maji yaliyochachuka zamani, aliyogawiwa na mwalimu mwenzake waliyeishi naye nyumba ya shule, naye akawa anailisha unga na maji tangu siku hiyo. Kwa chachu hiyo aliumua mkate bila hamira ya dukani. Sasa chachu ya namna hiyo ina tabia yake. Kila asubuhi lazima utoe kiasi kabla ya kuilisha, la sivyo itakua mpaka ikufukuze nyumbani. Wengi hukimwaga hicho kinachotolewa. Mwalimu alikiweka kwenye bakuli ndani ya friji wiki nzima, na Jumamosi akakipigia mayai, maziwa, siagi iliyoyeyushwa, chumvi na sukari kidogo, na mwisho kabisa magadi ya kuokea. Hapo rojo lilifura mbele ya macho yako likitoa mapovu, naye akasema, "Haraka, kabla halijatulia," na sote tukasogeza sahani kana kwamba tumechelewa gari.

Chachu ya chunguni hakuiita chachu. Aliiita Yule. "Nimemlisha Yule?" alijiuliza akiwa mlangoni, na akarudi kuhakikisha. Akisafiri alisafiri naye, amemfunga kwa kitambaa na kumpakata. Sisi alitugawia masalio yake kwenye makopo, tukajaribu kuyatunza, yakatufia moja baada ya jingine. Langu lilikufa mara mbili. Fundi viatu wa pale getini alikiri kwamba lake alilitumia kubandikia tangazo. Mwalimu alitucheka kwa furaha kabisa, akasema alijua tangu mwanzo.

Nashipai nilimjua kabla Mwalimu hajamjua. Alikuwa na saluni ndogo Kajiado mjini, na kila alipotoka Nairobi kununua vifaa vya kazi, akipita kwenda kumwona nyanya yake Bissil, alinunua kwangu dawa ya minyoo ya mbuzi. Msichana mtulivu, anayekuangalia machoni na kungoja umalize. Siku Dan alipomleta kwa Mwalimu kama mtu anayetaka kumwoa, nilifurahi, kisha nikamhurumia.

Walikuja Jumamosi, bila shaka. Mwalimu alimwekea waffle ya kwanza kutoka kwenye chuma, bila asali wala siagi, akasimama na kijiko cha mbao mkononi. "Iko aje?"

Dan aliangalia chini. Nashipai akatafuna bila haraka. "Iko kama maziwa yetu ya kibuyu, Mwalimu. Ile imelala siku mingi."

"Maziwa?"

"Uchachu yake. Ni ile tu. Kwetu ukionja maziwa unajua ni kibuyu ya nani."

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Wengi tulisema tamu sana Mwalimu, asante Mwalimu. Alimwekea msichana yule waffle ya pili, na kwa sisi tuliomjua hiyo ilikuwa alama ya juu. Lakini walipoondoka aliniambia tukiwa tunaosha vyombo, "Anajua kula. Tutaona kama anajua kutunza." Nikajua mtihani wenyewe bado.

Mtihani ulikuja na msiba. Dada yake Mwalimu alifariki kule kwao magharibi, na safari hiyo hakutaka kumpakata Yule kwenye gari la matanga. Akamwita Nashipai akae nyumbani kwake mpaka arudi. Nilikuwepo alipompa ufunguo. Alimshushia chungu kutoka kwenye rafu, akafungua, akamwonyesha.

"Kila asubuhi unatoa kiasi hiki. Unaweka unga, unaweka maji ya vuguvugu, unakoroga. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kile umetoa usitupe."

"Siwezi tupa, Mwalimu."

"Dan hajawahi kumshika huyu. Hata Mama Joy hapa hajawahi."

Nilitaka kusema kwamba sijawahi kuomba. Lakini nikaona mkono wa Mwalimu ulivyokuwa ukikawia juu ya kifuniko, nikanyamaza. Alikuwa anamkabidhi msichana zaidi ya unga, na nadhani Nashipai alilijua hilo, maana alikipokea chungu kwa mikono miwili.

Siku zote hizo nilimsikia Nashipai jikoni asubuhi, akikoroga na kuimba wimbo wa kanisa kwa Kimaasai. Siku moja kabla Mwalimu hajarudi, ukuta ulinukia moshi mtamu wa kuni ngumu. Nikadhani anachoma nyama.

Mwalimu alifika Jumamosi asubuhi na gari la usiku, macho yamevimba, leso ya matanga bado begani. Meza ilikuwa imeandaliwa. Dan alikuwa ametoka Kware mapema. Nami niliitwa, na safari hii niliitwa kwa maneno, si kwa chuma, kwa sababu Nashipai aliona haya kukigonga. Waffle zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, nyingi kuliko nilizowahi kuona hapo.

Mwalimu alikula ya kwanza kimya. Sote tulikuwa tunakula huku tunamwangalia. Akachukua ya pili.

"Hizi ni nzuri," alisema.

Dan alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeshusha mzigo. Nashipai aliinamisha kichwa, na nilimwona akitabasamu ndani ya kikombe. Nilijisikia vizuri kama vile sifa ni zangu. Mwalimu akanywa chai yake, akainuka, akasema, "Ngoja nimsalimie Yule," akafikia rafu ya juu.

Alifungua kifuniko. Harufu ya moshi ikatoka, ile ile ya jana. Ndani, chungu kilikuwa cheusi kuanzia mdomoni mpaka chini, kinang'aa, na kwenye kitako kulikuwa na unga na maji, umetulia tuli kama uji uliosahaulika.

"Hii ni nini?"

"Nimekuoshea, Mwalimu," Nashipai alisema, na alikuwa bado anatabasamu. "Na moto ya oloirien. Vile tunaoshanga kibuyu ya Koko, nyanya yangu. Unga ilikuwa imeshika kwa pembe, ikakauka."

"Na aliyekuwa ndani?"

"Nimemaliza yote kwa hizi. Si umesema isitupwe? Nimeweka unga mpya. Itachacha tu yenyewe. Kibuyu ndio inashika uchachu."

Mimi natoka katika jamii ya wakulima, lakini nimewauzia wafugaji dawa miaka yote hii, na hapo nilielewa kilichotokea. Kwao, kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Mwanamke huchoma kijiti cha mti wa oloirien mpaka ncha iwe kaa, akakisugulia ndani, akafuta majivu. Maziwa yote ya zamani huwa yametoka, na mapya yakimiminwa humo hulala, yakachacha, yakapata ladha ya nyumba ile. Binti humwoshea hivyo mtu anayemheshimu. Nashipai alikuwa amemfanyia Mwalimu kazi ambayo hufanyiwa mama. Na kwa heshima hiyo hiyo alikuwa ameichoma chachu yote iliyoshika chunguni, na iliyobaki tulikuwa tumeila sisi.

Nilifungua mdomo nieleze. Sikupata nafasi. Mwalimu alikwenda na chungu hadi kwenye ndoo ya maji machafu, akakiinamisha, akaumwaga ule unga mpya. Mimi sikuwahi kumwona akimwaga chakula, wala sikumwona akifanya hivyo tena. Pengine ungechacha. Tungeungoja wiki moja tungejua, lakini hakuungoja hata dakika.

"Mathe," Dan akasema. "Mathe, hakujua."

"Nilimwachia kitu kilicho hai." Hakumtazama Dan. Hakumtazama hata Nashipai. Alikuwa anatazama ndani ya chungu. "Kitu cha kulishwa asubuhi tu, basi. Umekiua, ukatupikia tukile. Wewe utaweza kulea mtoto? Hautaweza. Mtoto atakufia mikononi."

Mkono wa Nashipai ulishuka tumboni. Ulishuka wenyewe, kama mkono wa mtu aliyepigwa jiwe. Dan aliuona, mimi niliuona, na tulitazamana juu ya meza, na wakati huo ndipo nilipojua kwamba alikuwa mjamzito. Mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo.

Nashipai alikunja leso ya Mwalimu aliyokuwa amejifunga, akaiweka kwenye kiti, akaweka ufunguo juu yake. "Pole kwa msiba, Mwalimu," alisema, na akatoka. Dan akamfuata. Sikusikia geti likigongwa. Walilifunga taratibu, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilikasirika, na nitasema wazi kwamba nilikasirika. Nilimngoja siku chache kwa heshima ya matanga, kisha nikaenda. "Mwalimu," nikamwambia, "mimi langu nililiua mara mbili. Fundi viatu alibandikia tangazo. Ulitucheka. Kwa nini yeye umemfukuza?"

"Nyinyi niliwapatia masalio," alisema. "Yeye nilimpatia Yule."

"Yule msichana ako na mimba. Na neno lile ulimwambia, kwao si neno ya kuambia mtu mwenye mimba."

Hakujua. Uso wake uliniambia hakujua. Alikaa kwenye kiti, akashika makali ya meza. Kisha akajikaza, akasema yeye ni mtu wa kanisa, haamini mambo ya maneno kuingia tumboni. Nikamwambia basi mpigie simu umwambie hivyo. Alisema atapiga.

Hakupiga. Au alipiga na hakupokelewa. Sikuwahi kujua, na kwa vyovyote Dan hakuja tena. Jumamosi zikawa kimya. Chungu kilirudishwa kwenye rafu kikiwa cheusi vile vile, na mkate akawa ananunua dukani, ule wa kukatwa, mweupe, akaula bila kutafuta kasoro. Alikonda. Mdomo wake ulipoa, na sisi tuliokuwa tukiomba upoe tukaanza kuuhitaji. Siku moja nilimwachia makusudi sufuria chafu pale bombani. Akaipita.

Halafu Dan akaja. Aliegemea geti nje, hakuingia. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilibaki na shati mkononi.

"Mathe, mtoto amezaliwa. Msichana."

Mwalimu alishika kitambaa cha kichwani. "Yuko salama? Mama yake?"

"Wako sawa. Wako Bissil kwa Koko." Alimeza mate. "Lakini Koko amekataa apewe jina. Anasema kuna neno juu yake na ni wewe ulisema. Anasema ukuje uitoe. Kama hautaki, watafanya bila wewe, lakini basi mtoto ni wao tu. Na mimi nitakaa upande ya Nashipai, Mathe. Nakuambia mapema."

"Hiyo ni kanisa gani hiyo?"

"Hata Koko ni wa kanisa," Dan akasema. "Mambo ya jina ni ya nyumba." Na akaondoka kabla hajajibiwa, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka ayaonyeshe.

Siku ya soko la mifugo mimi hupeleka dawa Bissil na pikapu yangu. Mwalimu alikuwa getini kabla sijawasha gari, amevaa suti yake ya kanisani, na mfuko wa sukari na unga kwa ajili ya mzazi. Hakusema anaenda wapi. Nilimfungulia mlango.

Hadi Isinya aliongea juu ya madereva wabaya. Baada ya Isinya akanyamaza. Tulipofika Kajiado mjini, karibu na njia ya kwenda ile shule yake ya zamani, aliniambia nisimame. Nikasimama. Alitoka, akasimama kando ya barabara na mkoba wake, upepo unampiga sketi.

"Turudi," alisema kupitia dirisha.

"Mimi niko na dawa za watu, Mwalimu. Siwezi rudi."

"Nitarudi peke yangu."

"Sawa. Lakini nitawaambia nini kule?"

Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye magari ya kurudi Kitengela. Nilikuwa na hofu ya kweli. Kama angevuka barabara kwenda upande wa pili, nisingemkimbilia, na hapo mambo yangeisha. Akapanda tena, akafunga mkanda, akasema pikapu yangu inanuka samadi. Niliwasha gari upesi.

Nyumba ya Koko ilikuwa ya mabati, nje kidogo ya Bissil, na ua wa miiba kwa mbuzi. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kalenda ya kanisa ukutani. Koko alikuwa ameketi karibu na mlango, kichwa kimenyolewa, shanga shingoni, miguu imenyooshwa mbele. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, Koko." Akaitika, "Iko." Mwalimu alimsalimia kwa Kiswahili cha darasani, naye akaitikiwa kwa Kimaasai, na Dan, aliyejifunza lugha hiyo utotoni Kajiado, akakaa katikati yao kama mkalimani.

Nashipai alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, mtoto amefunikwa shuka kifuani. Alimsalimia Mwalimu kwa adabu, akamuuliza habari za safari. Hakusogea. Kila Mwalimu aliponyoosha shingo kidogo, Nashipai alivuta shuka kidogo. Chai ililetwa, tukanywa, na hakuna aliyegusa habari yenyewe mpaka vikombe vikawa vitupu.

Koko akaongea. Dan akatafsiri, macho chini.

"Anasema hana hasira. Anasema wewe ni mzee kama yeye, na mzee akisema kitu kibaya kinakaa. Mtoto hulia, hanyonyi vizuri. Yeye hajui kama ni hiyo ama ni tumbo. Lakini ulisema wewe, utoe wewe."

"Nitoe aje?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo.

"Unamtemea mate, Mathe. Kidogo. Kwa kichwa. Na unasema neno zuri."

Nilishika goti langu. Huyu alikuwa mtu aliyewakataza kina mama wa ploti nzima wasipulize uji wa watoto wao, aliyechemsha vijiko vya wageni. Mate, juu ya kichwa cha mtoto mchanga. Nilimwona akitafuta njia ya kulipinga kama anavyopinga kila kitu, na nilimwona akimtazama mwanawe, na njia ikapotea.

Nashipai alikuja hatua moja. Alifunua kipande kidogo tu cha kichwa, nywele nyeusi laini, akabaki mbali kwa urefu wa mkono. Mwalimu aliinama. Mdomo wake ulikuwa mkavu. Tulisikia ulimi ukitafuta mate. Akatoa kitu kama pumzi, "Ptu," na haraka akasema, "Mungu akubariki."

Koko akasema neno fupi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Anasema umetema kama mtu ameingiwa na nzi," Dan akasema. "Anasema rudia."

Damu ilimpanda Mwalimu usoni. Nadhani katika maisha yake yote ni yeye tu aliyewahi kumwambia mtu arudie. Nilidhani atasimama achukue mkoba. Koko alifikia kibuyu kilichokuwa ukutani, akakitikisa, akakifungua, akammiminia maziwa kwenye kikombe kile kile cha chai, mazito, yenye madoa meusi ya makaa. Mwalimu aliyanusa. Akayanywa yote, bila kusema yako aje. Kisha akashuka kutoka kwenye kochi, na suti yake ya kanisani, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya msichana aliyemfukuza, macho yake usawa wa shuka.

"Nilisema mama yako hataweza kukulea," alimwambia mtoto. Machozi yalikuwa yanamwagika na hakuyafuta. "Nilisema utamfia. Nilikuwa na uchungu na nilisema uongo. Yeye anajua kutunza. Mimi ndiye nilishindwa."

Akakusanya mate mdomoni, akangoja ruhusa.

Nashipai alimtazama kwa muda, vile anavyotazama watu. Kisha akaishusha shuka, akakifunua kichwa chote, na masikio, na shingo, akamsogeza mtoto mpaka usoni pa Mwalimu.